Hola Mnaijua, Duka la Dawa la Zamu Je?

Jamani, leo tuambizane ukweli. Kijana wa mtaani akipata viza ya kwenda Hispania, wiki nzima kabla ya safari utamsikia akijinoa kila kona: "¡Hola, amigo! ¿Qué tal? ¡Vamos!" Majina ya wachezaji wa Real Madrid na Barcelona anayo kichwani, kuanzia kipa hadi aliyekaa benchi. Kuagiza bia anajua, kuomba punguzo anajua. Sasa mwulize swali moja tu: mwanao akishikwa na homa saa saba usiku, siku ambayo nchi nzima imefunga maduka, utamwambia nini mtu wa kwanza utakayekutana naye barabarani? Hapo anakodoa macho. Ndo! Tunasafirisha watu na mdomo mtupu.

Habari hii aliileta kijiweni dada anayetuuzia chapati. Mpwa wake yuko Valencia, amemfuata mume anayesoma huko. Mtoto wao wa miaka mitatu alichemka ghafla tarehe 6 Januari. Mama mtu akambeba, mbio mpaka kwenye msalaba wa kijani wa duka la dawa lililo jirani. Msalaba umezimwa, geti la chuma limeshushwa. Akagonga, akaita, akalia. Akakimbilia la pili, nalo vilevile. Mlangoni palibandikwa karatasi yenye maandishi mengi, akadhani ni tangazo la biashara. Aliyemwokoa ni mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akitembeza mbwa. Alimwona mtoto, akamshika binti mkono na kumpeleka mpaka kwenye duka lililokuwa wazi, mitaa michache tu kutoka hapo.

"Ngoja kwanza, dada," dereva wa bajaji aliingilia. "Tarehe 6 Januari ni sikukuu ya nini? Mwaka mpya si umeshapita? Mapinduzi si mpaka tarehe 12?"

Mwalimu mstaafu akaweka kikombe chini. Mwanawe ameishi Hispania miaka mingi, kwa hiyo mambo ya huko anayajua vizuri. "Siku ya Wafalme hiyo, kijana. Wao wanaiita Reyes. Ni wale mamajusi waliomfuata Yesu mchanga kwa zawadi. Jioni ya tarehe 5 kuna maandamano barabarani, Wafalme wanapita juu ya magari wakiwarushia watoto pipi. Asubuhi ya tarehe 6 watoto wanafungua zawadi, na madukani hakuna mtu."

"Na ile karatasi ya mlangoni?"

"Ile karatasi ndiyo iliyokuwa na jibu lote. Jina la duka lililo wazi, mtaa, namba ya nyumba, saa na simu."

Muuza kahawa alisonya msonyo mrefu hadi wapita njia wakageuka. Na kweli inauma. Mama amesimama na mtoto anayeungua, jibu liko mbele ya pua yake, na kilichomtenga nalo ni maneno matatu tu: *farmacia de guardia*.

Nasema hivi kwa moyo wote: binti yule hana kosa. Nani aliwahi kumwambia? Vijitabu vya lugha vya wasafiri vimejaa maneno ya hotelini na mgahawani, yaani kiti cha dirishani, supu ya moto, bili tafadhali. Mtu hafi kwa kukosa kiti cha dirishani. Maneno ya kuanza nayo ni yale ya usiku mbaya. Ya kusalimiana yatakuja yenyewe, maana wenyeji watakufundisha bure.

Basi tulimbana Mwalimu atueleze mambo yanavyokwenda huko, naye hakutunyima.

Hispania ina maduka ya dawa zaidi ya 22,000, na dawa haiuzwi mahali pengine popote. Supermaketi ikiwa wazi utapata mkate, maziwa na sabuni, lakini hata kidonge cha kutuliza maumivu ya kichwa hupati. Sheria yao namba 16 ya mwaka 1997 inalihesabu duka la dawa kuwa ni kituo cha afya cha binafsi chenye manufaa kwa umma. Mwenye duka lazima awe mfamasia, na mfamasia mmoja haruhusiwi kumiliki zaidi ya duka moja. Haki hiyo imekuja na wajibu wake, nao ni kukesha kwa zamu. Serikali za majimbo huweka kanuni, chama cha wafamasia cha mkoa husika hupanga ratiba, na maduka hupokezana kama walinzi wanavyopokezana lindo. Ndiyo maana usiku wa Krismasi, usiku wa kuamkia mwaka mpya watu wanapomeza zabibu zao kumi na mbili, na Ijumaa Kuu mji umejaa maandamano ya kanisa, kuna mfamasia mahali fulani amewasha taa. Ni nchi iliyokubaliana kwamba ugonjwa hauheshimu kalenda, na katika hili nawavulia kofia.

Dereva wa bajaji akauliza swali la maana. "Sasa mgeni atajuaje leo ni sikukuu? Maana sikukuu zao si zetu."

Kweli, hapo ndipo wengi wanapokwama. Neno la kukariri ni *festivo*, yaani siku ya mapumziko. Kinyume chake ni *laborable*, siku ya kazi. Mkesha wanauita *víspera*, na jioni ya mkesha wengi hufunga mapema. Sheria ya kazi inaruhusu sikukuu zisizozidi 14 kwa mwaka, na mbili kati ya hizo ni za mji wenyewe. Kwa hiyo mji huu unaweza kuwa umefunga huku wa jirani unafanya kazi kama kawaida. Madrid wana San Isidro tarehe 15 Mei, Barcelona wana La Mercè tarehe 24 Septemba. Catalonia hupumzika hata tarehe 26 Desemba. Nchi nzima hupumzika tarehe 15 Agosti, 12 Oktoba, 1 Novemba, 6 Desemba na 8 Desemba, achilia mbali Krismasi na mwaka mpya. Sikukuu ikiangukia Alhamisi au Jumanne, watu huiunganisha na wikiendi, na muunganisho huo wanauita *puente*, daraja.

Hizo tarehe 6 na 8 Desemba ziwekeeni alama, hasa ndugu zetu wakimbiaji na wanaosafiri nao. Marathoni ya Valencia hukimbiwa Jumapili ya kwanza ya Desemba. Pale ndipo Kelvin Kiptum wa Kenya alipokimbia marathoni yake ya kwanza, tarehe 4 Desemba 2022, akashinda kwa saa 2:01:53. Jumanne yake ilikuwa tarehe 6, sikukuu ya katiba, na Alhamisi tarehe 8, sikukuu ya Bikira Maria. Mtu amemaliza kilomita 42, goti limevimba, tumbo limevurugika, na mji uko kwenye mapumziko. Mwenzake asiyejua kuuliza duka la zamu atamsaidiaje?

Haya, turudi mlangoni pa lile duka lililofungwa, tuisome ile karatasi pole pole. Wakati mwingine huwa ni karatasi, wakati mwingine skrini ndogo nyuma ya kioo, ila mambo yake hayatofautiani sana.

Juu kabisa utaona *Farmacias de guardia*, maduka ya dawa ya zamu. Chini yake tarehe, siku kwanza kisha mwezi, kama tunavyoandika sisi. Siku za wiki zikifupishwa zitakuwa L, M, X, J, V, S, D, kuanzia Jumatatu hadi Jumapili. Hiyo X isikutishe, ni Jumatano. *Domingos y festivos* maana yake Jumapili na sikukuu. Halafu inakuja anwani: *C/* ni mtaa, *Avda.* ni barabara kubwa, *Pza.* ni uwanja wa mji. Jina la mtaa hutangulia, namba ya jengo hufuata. Ukiona *esquina*, duka liko kwenye kona. Ukiona *frente a*, linatazamana na kitu kitakachotajwa, labda kanisa, labda soko.

Saa ndizo za kuangaliwa kwa macho mawili. Karatasi itasema "de 9:30 a 21:30", na mstari mwingine "de 21:30 a 9:30". Mswahili akifasiri haraka, zote kwake ni saa tatu na nusu. Ya kwanza ni saa tatu na nusu asubuhi, ya pili ni saa tatu na nusu usiku. Duka la mstari wa kwanza liko zamu mchana, la mstari wa pili ndilo lako ukiamka usiku wa manane. Pakiandikwa *24 horas*, nenda saa yoyote. Na mtu akikujibu kwa mdomo "a las once", amesema saa kumi na moja ya saa yao, ambayo kwetu ni saa tano. Mwulize ni *de la mañana*, ya asubuhi, au *de la noche*, ya usiku. Muda wa kuanzia saa saba usiku hadi kunakaribia kucha wao wanauita *madrugada*.

Jambo jingine la saa: hata siku za kawaida, maduka mengi ya dawa hufunga mchana, kuanzia kama saa nane hadi saa kumi na moja jioni, wakati wa chakula na mapumziko. Usihesabu siku imeharibika. Soma karatasi, uliza la zamu.

Muuza kahawa akasema, "Mwalimu, mimi kusoma kwa Kihispania sitaweza. Nipe la kusema."

Mwalimu akacheka. "Wewe ndiye utakayeweza kuliko wote. A, e, i, o, u za Wahispania ni hizi hizi zetu. Chukua sentensi hii, isome kama Kiswahili."

*¿Dónde está la farmacia de guardia más cercana?* Duka la dawa la zamu lililo karibu zaidi liko wapi? Tamka: donde está la farmathia de gwardia mas therkana. Hiyo *th* ni ile ya thamani na thelathini. Ukiwa visiwa vya Canary au Amerika ya Kusini, sema kwa *s*: farmasia, serkana. Herufi *h* ikiwa peke yake haitamkwi. *J* ni *kh* ya Kiarabu, ambayo wazee wetu wa pwani wanayo kooni tangu chuoni. *Ñ* ni *ny* yetu ya nyumba, na *ll* wengi wanaitamka *y*. Kijiwe kizima kiliirudia sentensi ile mpaka mama wa karanga aliyekuwa anapita akaishika naye.

Kuuliza ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni kuelewa jibu. *A la derecha* ni kulia, *a la izquierda* ni kushoto, *todo recto* ni nyoosha moja kwa moja. Amerika ya Kusini wengi husema *derecho* kwa maana ya kunyoosha, kwa hiyo sikiliza mwisho wa neno: *derecho* nyoosha, *derecha* pinda kulia. *Al lado de* ni kando ya. *Está cerrada*, limefungwa. *Está abierta*, liko wazi.

Umefika usiku, geti limeshushwa ila taa iko ndani. Usikate tamaa, ndivyo wanavyofanya kwa usalama wao. Tafuta kengele, mara nyingi pameandikwa *llame al timbre*, piga kengele. Mfamasia atakuja kwenye kidirisha na mtazungumzia hapo. Atakuuliza: *¿Para quién es?* Dawa ni ya nani? *¿Cuántos años tiene?* Ana miaka mingapi? *¿Cuánto pesa?* Ana uzito gani? *¿Tiene receta?* Una cheti cha daktari? *¿Alguna alergia?* Kuna dawa inayomdhuru?

Wewe mjibu taratibu: *Es para mi hija. Tiene tres años. Pesa catorce kilos. Tiene fiebre.* Ni ya binti yangu, ana miaka mitatu, ana kilo kumi na nne, ana homa. Mtoto wa kiume ni *mi hijo*. Kilo msizidharau, kwa sababu dawa ya homa ya mtoto hupimwa kwa uzito wake. Mama wa kwetu anayo kadi ya kliniki. Aipige picha kabla ya safari, na akishafika huko asiache kumpima mtoto.

Dada wa chapati akadakia, "Na kama si homa?" Sawa. Kikohozi ni *tos*, kutapika ni *vómitos*, kuharisha ni *diarrea*, maumivu ni *dolor*. Ukisema *me duele* huku unagusa mahali panapouma, umeeleweka. Mwenye mimba aseme kabla ya lolote: *Estoy embarazada.* Anayenyonyesha: *Estoy dando el pecho.* Mwenye kisukari: *Soy diabético*, na mwanamke *diabética*. Mwenye pumu aliyeishiwa pampu aombe *inhalador* na ataje *asma*. Asiyepatana na penisilini: *Soy alérgico a la penicilina*, mwanamke *alérgica*. Maji ya chumvi na sukari ya mtu anayeharisha yanaitwa *suero oral*.

Kwa wanaojua Kiingereza kidogo, hapa kuna shimo. *Constipado* kwa Mhispania ni mtu mwenye mafua. Ukiwa hupati choo, neno lako ni *estreñido*. Ukichanganya hayo mawili utarudi nyumbani na dawa ya pua huku tumbo limejaa.

Majina ya dawa nayo yana taratibu zake. Jina la kibiashara tulilolizoea hapa huenda huko hawalijui. Taja dawa yenyewe: *paracetamol*, *ibuprofeno*, *metformina*, *amlodipino*, *salbutamol*. Kama unameza dawa kila siku, chukua boksi lake tupu utembee nalo, au piga picha lebo. Na tusidanganyane: antibiotiki hupewi hivi hivi.

"Hata amoksilini?" dereva wa bajaji aliuliza.

"Hata hiyo. Bila *receta* hupewi, na ukibembeleza unapoteza muda wa mgonjwa," Mwalimu alimjibu. Siku ya sikukuu vituo vya afya vya kawaida, *centro de salud*, mara nyingi vimefungwa, kwa hiyo unauliza *urgencias*, huduma ya dharura. Daktari atakuona, ataandika, kisha unakwenda kwenye duka la zamu. Mgonjwa akizidiwa, hapumui vizuri, ana degedege au amepoteza fahamu, achana na duka la dawa. Piga 112, ni bure, na useme *una ambulancia, por favor*.

Sasa nifike kwenye kipimo, kwa sababu hapa kosa dogo linaua. *Cucharada* ni kijiko kikubwa cha chakula. *Cucharadita* ni kijiko cha chai. Masikioni yanafanana, lakini kijiko kikubwa ni kama mililita 15 na cha chai ni 5. Mtoto akipewa kikubwa badala ya kidogo, amemeza mara tatu. Ndiyo maana dawa nyingi za watoto huja na bomba dogo la plastiki la kupimia, *jeringa*, lenye mistari. Mwombe mfamasia akuonyeshe mstari kwa kidole. *Cada ocho horas* ni kila baada ya saa nane, *cada seis horas* ni kila baada ya saa sita. Usiondoke kidirishani kabla hujasema: *¿Me lo puede escribir, por favor?* Naomba uniandikie. Atachukua kalamu aandike kipimo na saa juu ya boksi, na boksi hilo hata baba aliyechelewa kurudi kutoka kazini ataweza kulisoma.

Lipo jambo moja ambalo Mwalimu alilisema kwa sauti ya chini, na mimi nalisema kwa sauti ya juu. Mtu aliyetoka kwetu hivi karibuni akipata homa Hispania, asiishie kwenye duka la dawa. Hispania ilitangazwa haina malaria mwaka 1964. Daktari wa huko anaweza asiifikirie, na dawa ya mseto usitegemee kuikuta kaunta kama hapa kwetu. Nenda *urgencias* ya hospitali siku hiyo hiyo, utangulize: *Vengo de Tanzania. Puede ser malaria.* Nimetoka Tanzania, huenda ni malaria. Aliyetoka Kenya, Uganda, Burundi au Kongo ataje nchi yake. Huko utasikia pia neno *paludismo*, ni ugonjwa huo huo. Wangapi wametuliza homa kwa paracetamol wakidhani ni baridi ya ugenini? Inauma, jamani, kufa kwa ugonjwa ambao bibi yako kijijini angeutambua.

Msidanganywe na mabango pia. Hispania kuna *parafarmacia*, yenye mafuta ya ngozi, sabuni na vitamini, lakini dawa hakuna. *Droguería* ya huko inauza sabuni, rangi na vifaa vya usafi. Ukivuka bahari ukafika Colombia, *droguería* ndilo duka la dawa lenyewe. Argentina, Uruguay na Chile la zamu huitwa *farmacia de turno*. Chile tarehe 18 na 19 Septemba, sikukuu zao za taifa, sheria inafunga supermaketi na maduka makubwa, lakini maduka ya dawa yaliyopangiwa zamu hayafungwi. Ndani ya Hispania yenyewe lugha ziko kadhaa. Barcelona na Valencia unaweza kukuta *farmàcia de guàrdia*, Galicia *farmacia de garda*, na kwa Wabasque *guardiako farmazia*. Uzuri ni kwamba jicho linatambua ndugu wa neno moja.

Na anayekwenda kijijini ajue mapema: huko zamu huzunguka baina ya vijiji, na duka lililo wazi laweza kuwa kijiji cha pili. Sehemu nyingine mfamasia yuko nyumbani kwake na namba ya simu imebandikwa mlangoni, wao husema *guardia localizada*. Unapiga, anakuja kufungua. Ukifika tu ulipopanga, piga picha orodha ya mwezi mzima ukiwa mzima na mtoto anacheza.

Dada wa chapati alikuwa amenyamaza muda mrefu. Kisha akasema neno ambalo kijiwe kizima kililiunga mkono: "Kumbe karatasi moja mlangoni inaweza kumwelekeza mama wa watu. Duka la dawa la hapa mtaani likifungwa, ninachokuta ni kufuli." Mkono nampa. Wenye maduka ya dawa wa mitaa yetu, karatasi na gundi vina gharama gani? Andikeni: tumefunga, nenda duka fulani, mtaa fulani, simu hii. Hamtapoteza mteja, mtaokoa jirani.

Lakini wa kusafiri yuko njiani, hawezi kutusubiri tujadiliane. Kwa hiyo, msomaji, kama una ndugu anayekwenda nchi ya Kihispania kusoma, kukimbia, kuolewa au kutafuta riziki, usimuage kwa dua peke yake. Chukua kalamu umwandikie kwenye karatasi ya kukaa ndani ya pasipoti: *farmacia de guardia*, na kwa Amerika ya Kusini *farmacia de turno*, *urgencias*, 112 akiwa Hispania, uzito wa kila mtoto, dawa inayomdhuru kila mmoja, na sentensi ya *Vengo de Tanzania, puede ser malaria*. Mfanye asome kwa sauti mbele yako mara kadhaa, mpaka ulimi uzoee. Kusalimia atajifunza akifika. Haya ayajue kabla hajapanda ndege.